Vishungi vya Ipyana

Viluwiluwi hawakutaka kula, na nyumba nzima ilikuwa inakula.

Hilo ndilo lililomkera Tupokigwe asubuhi ile. Uani masufuria yalikuwa motoni tangu alfajiri, wanawake wa ukoo walikuwa wakimenya ndizi na kugombania visu, na kila aliyefika kuhani alishikishwa sahani kabla hajamaliza kulia. Humu stoo, ndani ya mabeseni meupe ya hospitali, viumbe wembamba kama nyuzi walikuwa wamelala chini ya maji wameduwaa, kila mmoja na vijimanyoya vyake vya kupumulia pembeni mwa shingo. Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa.

"Habari ya wakati huu, Mlezi," kidude kilichobandikwa ukutani kilisema, kwa sauti ya binti wa mjini aliyelala vizuri. "Vifaranga wako wamemaliza kiini cha yai. Unashauriwa kuanza kulisha leo."

"Najua."

"Mteja wako anaendeleaje?"

Tupokigwe aliinamisha kichwa akaendelea na kazi. Mteja, mumewe Ipyana, alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, na udongo wake ulikuwa bado haujakaa sawa. Mayai yalianza kupasuka siku ileile ya mazishi, jeneza likiwa sebuleni, na kidude hiki kikampigia vigelegele vya kurekodiwa mpaka alipokifunika kwa taulo.

Chupa za uduvi zilisimama kichwa chini dirishani, zikibubujika hewa. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi na mayai makavu, madogo kama ugoro, ambayo yakikaa usiku na mchana hutoa uduvi wachanga wa rangi ya machungwa, wasioonekana vizuri mpaka uwamulike. Alizima hewa, akaegesha tochi ubavuni mwa chupa, na uduvi wakajikusanya kwenye mwanga kama wageni mlangoni mwa jiko. Akawavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akawachuja kwa kipande cha kanga, akawasuuza chumvi kwa maji baridi ya mlimani, kisha akawadondosha beseni la kwanza, tone baada ya tone.

Uduvi walicheza majini. Viluwiluwi wakawaangalia wakipita.

"Kuleni," alisema Tupokigwe. "Kuleni bwana. Mnasubiri nini, salamu?"

Mlango ulisukumwa bila hodi. Aliingia Shangazi Tumpe, dada wa baba mkwe wake, mama mnene aliyeendesha misiba ya ukoo kama refa.

"Mjane yuko wapi? Watu wanakuja kumpa pole wanakuta mkeka mtupu."

"Niko hapa, shangazi."

"Hapa ndipo mkekani?"

"Leo ndiyo siku yao ya kwanza kula. Wakikaa na njaa wanaanza kutafunana."

Shangazi aliinama juu ya beseni, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua samaki sokoni asiyekusudia kununua. "Vyenyewe ndivyo hivi? Mbona kama masalia ya chai?"

"Watakua."

"Vipe basi, tuondoke."

"Nawapa. Hawali kitu kisichojongea. Ukiweka unga, ukiweka nyama, kama haijongei mbele ya macho yao hawajui kuwa ni chakula. Watakufa njaa wakiwa wameilalia."

Mabega ya Shangazi yakaanza kutikisika. "Huyo ni Ipyana. Huyo ni Ipyana kabisa. Mtoto yule kiporo hakukigusa tangu aache ziwa. Mama yake anampashia moto maharage, anamkatia na kitunguu kipya juu, yeye ananusa tu: mama, haya si ya jana?"

"Mimi alikuwa ananiuliza, haya yamelala wapi."

Walicheka wote wawili, wameshikilia meza. Kisha kicheko kikawaishia kwa pamoja, na kila mmoja akatazama upande wake.

Zamani, kabla watu wa Tukuyu hawajachoka kulitamka jina la aksolotli, mnyama wa majini aliye kama mjusi, na kuamua kuwaita vishungi kwa sababu ya yale manyoya, hospitali ya kanda ilijaribu kuwalea yenyewe. Ilijenga ukumbi wenye mashine za kumwaga unga kwa wakati, na vishungi wakafa kwa maelfu juu ya chakula chao. Ndipo kazi ikaletwa majumbani, kwenye vijiji vya baridi ambako maji hayahitaji kupoozwa, kwa mtu mwenye subira ya kutembeza mlo mbele ya kila kinywa. Mgonjwa hutolewa chembe za mwili, chembe zikapandwa ndani ya yai, na moyo wa kishungi ukaota kwa chembe za mgonjwa. Kishungi ni kiumbe asiyekubali kidonda. Ukimkata mguu anaotesha mguu, na moyo wake ukijeruhiwa hujiziba wenyewe. Ukishafika ukubwa wa punje ya harage, daktari huutoa na kuubebesha juu ya moyo mbovu, kama mche wa parachichi unavyobebeshwa, na ule mbovu huanza kujiotea upya. Kishungi mwenyewe hufa siku hiyo.

Moyo wa Ipyana ulichakazwa na homa. Alipoletewa mayai alikuwa hawezi tena kutembea hadi chooni bila kupumzika njiani, lakini chupa za uduvi alizifunga mwenyewe, ameketi kitandani, akimwagiza mkewe hiki na kile. Alikuwa akizigonga kwa ukucha na kuziita mifugo yangu. Hakubahatika kuona yai hata moja likipasuka.

Katika beseni la pili kitu kilijongea. Kiluwiluwi mmoja, mkubwa kidogo kuliko wenzake, aligeuza kichwa, akatulia, kisha akajirusha mbele kwa upana wa unyasi, na uduvi aliyekuwa mbele yake hakuwapo tena. Tumbo lake angavu lilikuwa na nukta ya machungwa.

"Mmoja," alisema Tupokigwe. "Mmoja, katika ukoo mzima."

"Ndivyo ukoo ulivyo," alisema Shangazi. "Twende mkekani."

*

Mchana alifika afisa wa ulezi, mtu wa Njombe aitwaye Nyagawa, ambaye vijiji vyote vilimwita Bwana Mabeseni. Alivaa koti la mvua na uso wa mtu anayetumwa kazi asizozipenda. Alilishwa kwanza, maana katika nyumba ile hapakuwa na mtu wa kusikilizwa akiwa na njaa. Alipomaliza aliomba kuzungumza na mjane faragha, lakini msiba hauna faragha, kwa hiyo alisema palepale mkekani, katikati ya wanawake.

"Mama, sina namna nzuri ya kulisema."

"Liseme vibaya," alisema Shangazi. "Wiki hii tumezoea."

"Sheria inasema mayai ni ya mgonjwa. Mgonjwa akifariki, mabeseni humwagwa siku ya kuanua matanga. Na ofisi haimwagi. Wanamwaga wafiwa."

"Kwa nini wafiwa?"

"Ofisi ilipokuwa inamwaga, tulirushiwa mawe."

Wanawake waliona kuwa hilo lina mantiki.

"Ila kuna njia nyingine," Nyagawa aliendelea. "Ndugu wa damu mwenye moyo mbovu anaweza kuandikwa badala ya marehemu. Na ndugu huyo yupo." Alielekeza kidevu kwenye nyumba ya pili, ng'ambo ya migomba, alikokaa baba yake Ipyana. "Moyo wa mzee daktari anaujua. Tulijaribu kupanda chembe zake mwenyewe, zimezeeka, hazishiki kwenye yai. Za mwanawe zimeshika, na mwili wa baba hautazikataa."

"Asipoandikwa?" aliuliza Tupokigwe.

"Kesho mnaanua matanga. Nitakuja, nitasimama pale mpaka mmwage."

Tupokigwe alitazama kingo za mkeka. Tangu mayai yalipopasuka alikuwa na neno lake ambalo hakumwambia mtu. Hakutaka wamwagwe, na hakutaka waingie kifua cha mtu yeyote. Alitaka wakae. Wakae stoo katika mabeseni yao, waote miguu, wazeeke, na kila asubuhi kuwe na kitu cha Ipyana ndani ya nyumba ile kinachotaka kulishwa. Alijua huo ni upuuzi. Alijua pia kwamba hakuna sheria ya kumruhusu mtu kufuga mioyo.

Aliyelileta balaa ni Shangazi, nani mwingine.

Ukoo wa Mwaipaja ulikuwa miongoni mwa wachache waliobaki na desturi ya zamani ya Wanyakyusa, ya mke wa mwana kumkwepa baba mkwe. Tangu aolewe, Tupokigwe hakuwahi kumtazama usoni, kusema naye wala kulitamka jina lake. Alimjua kwa kikohozi. Mzee hukohoa kabla ya kukata kona, na Tupokigwe hujitupa migombani na kujifunika kitenge hadi hatua zipite. Hata mazishini walisimama pande mbili za kaburi, yeye macho yake yakiwa kwenye udongo.

"Sasa nauliza," alisema Shangazi. "Kama vile vidudu vitakuwa moyo wa mkwe wako, utavitazamaje?"

"Shangazi."

"Nauliza tu. Uso wake huruhusiwi, moyo wake ndio uruhusiwe?"

"Bado si moyo wake. Hajaandikwa."

"Ataandikwa kesho."

"Basi nitaanza kufumba macho kesho."

"Usinifanyie mzaha, mwanangu. Adabu hii tumeitunza miaka yote, leo tuje kuivunjia stoo?"

Wanawake waliguna kukubali. Mmoja alipendekeza mjane avae miwani myeusi. Mwingine akasema kwao aliwahi kumwona mtu akikamua ng'ombe kwa kumpa mgongo, pengine na hili linawezekana. Wakajadili kwa kirefu mgongo na miwani, kwa umakini kabisa, huku Nyagawa akiangalia saa yake.

Tupokigwe alikuwa na jibu, ila lilikuwa refu, na alikuwa hajalala vizuri tangu Ipyana alazwe. Alinyanyuka, akaenda stoo na Shangazi, akamkabidhi bomba.

"Uduvi tu," alisema. "Uwachuje, uwasuuze, udondoshe kidogokidogo. Waliokufa chini uwavute utupe. Na usiwape kitu kingine chochote."

"Nimelea watoto wa ukoo huu wote, pamoja na huyo mumeo."

"Hao walikuwa na meno."

"Hawakuzaliwa nayo," alisema Shangazi, na kumfungia mlango.

*

Asubuhi ya kuanua matanga, Tupokigwe aliisikia harufu tangu koridoni.

Maji ya mabeseni yalikuwa meupe kama togwa, na juu yake umetanda utando wa mafuta. Kidude kilikuwa kikisema peke yake, kwa upole uleule, "Mlezi, ubora wa maji umeshuka. Mlezi, ubora wa maji umeshuka." Shangazi Tumpe alikuwa ameketi juu ya debe akikijibu.

"Nimekusikia, mama. Mwenyewe anakuja."

"Umewapa nini?" aliuliza Tupokigwe.

"Uduvi waliisha chupani. Nikaviona vinahangaika, vinaangaliana tu."

"Umewapa nini, shangazi."

"Ndizi." Shangazi alimeza mate. "Ndizi na mchuzi kidogo wa nyama. Nilizipondaponda kabisa, kama za mtoto. Matanga haya amekula hata mbwa wa jirani. Ningelalaje, wakati walio wa Ipyana wana njaa katika msiba wa Ipyana?"

Tupokigwe alifungua kinywa ili amtukane, lakini tusi halikuja. Hakukuwa na tusi la kosa la namna ile, na jambo hilo lilimkera kuliko kosa lenyewe. Alisukuma mlango kwa kisigino ili hewa iingie, akapandisha mikono ya gauni, akaanza kuokoa.

Wengi walikuwa wamekwisha. Walilala chini weupe, wamejikunja. Wengine walikuwa wametafunwa na wenzao, huyu hana manyoya ya upande mmoja, yule mkia umekatika, na kwa hao hakuhangaika, maana mkia utaota. Kila aliyejongea alimchota kwa kijiko na kumhamishia kwenye maji safi. Hakutaka kuwarudisha pamoja waendelee kutafunana, na vyombo vilikuwa hakuna, kwa hiyo akachukua vikombe vya chai vya msibani, sinia zima, akaweka mmoja katika kila kikombe. Wakaenea. Chupa nyingine aliyoitega juzi ilikuwa tayari, uduvi wakiwa wamejaa upande wa mwanga. Akachuja, akasuuza, akadondosha, kikombe kwa kikombe. Habari ya mkwe na macho haikumjia kabisa.

"Vikombe viko wapi?" mtu aliuliza uani. "Watu wanataka chai."

"Wanywe kwa bakuli," Shangazi alijibu kupitia dirishani, huku akifuta machozi kwa kanga na kumshikia mwenzake tochi.

Hapo kikohozi kikasikika nje, chini ya dirisha. Kiti kikaburutwa.

"Tumpe," ilisema sauti ya mzee, ikipumzika katikati ya maneno. "Umo?"

"Nimo, kaka."

"Na mwenye nyumba?"

"Yumo."

"Mwambie pole na kazi."

"Anasema pole na kazi," Shangazi alimwambia Tupokigwe, aliyekuwa hatua moja kutoka dirishani.

"Nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mwambie huyu bwana wa serikali ninaye hapa, amenieleza, nami nimekataa. Baba hali mwanawe. Nilimtupia udongo kwa mkono huu. Siwezi leo kuambiwa kwamba yumo kwenye beseni, na akinona nitaletewa. Wamwagwe, tuanue matanga, watu warudi mashambani."

Shangazi alimgeukia Tupokigwe. "Anasema hapana, kwa heshima zote."

Tupokigwe alisimama na kikombe mkononi. Alikuwa akidhani siku akisikia maneno hayo atapata nafuu. Badala yake hasira ilimpanda kutoka miguuni. Aliona vikombe vyote vile vikimwagwa kwenye mtaro, na baada ya muda kidogo aliona masufuria yaleyale yakirudi uani, na wanawake walewale wakigombania visu vilevile.

"Mwulize," alisema, "anapobebesha miche ya parachichi, vitawi anavitoa wapi?"

"Anauliza, kaka, vitawi..."

"Nimesikia. Kwenye mti mzuri."

"Na ule mparachichi wa jirani ulioangushwa na upepo? Hakukata vitawi kabla haujakauka, akavibebesha kwenye miche yake? Sasa miche hiyo iliula ule mti?"

"Hilo mimi silipeleki," alisema Shangazi kwa sauti ya chini. "Mtasikizana wenyewe."

Mzee akasema, "Mwambie parachichi halikuwahi kuniita baba."

Tupokigwe aliweka kikombe chini.

"Basi mwambie aje amwage yeye."

"Mimi si wa kumwaga. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hamwagi. Amewachujia, amewaosha, ameshinda nao. Hamwagi."

"Tumpe," alisema mzee, "mwaga wewe."

Shangazi alichukua kikombe cha mwisho wa sinia, akakipeleka hadi mlangoni, akasimama pale. Alitazama nje. Alitazama ndani ya kikombe. Kisha akarudi nacho, akakiweka palepale kilipokuwa, na kukisogeza kidogo kiwe sawa na vingine.

"Kaka, huyu ananitazama."

"Bwana Nyagawa?"

"Ofisi haimwagi, mzee," ilisema sauti ya Nyagawa. "Nilishaeleza habari ya mawe."

Uani mazungumzo yalikuwa yamekoma. Tupokigwe alijua bila kuchungulia kwamba wanawake wote wameacha vyungu na wamegeuza masikio huku. Mzee alikaa akivuta pumzi. Zilikuwa fupi, moja ikiikanyaga nyingine, na kila mtu mle stoo alijikuta akizisikiliza.

"Mwulize," alisema hatimaye, "wanafananaje."

Shangazi alifungua kinywa, lakini Tupokigwe alikuwa ameshainua kikombe na kukisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni kama kioo, Baba," alisema.

Shangazi alishika kifua. Hakuna aliyemkemea Tupokigwe.

"Naona mpaka ndani yake. Ana macho meusi, na hayo manyoya yake mekundu, anayapepea. Amekula sasa hivi, uduvi wanaonekana tumboni. Na hapa chini ya koo kuna kitu chekundu. Kidogo kama kichwa cha pini."

"Ndio moyo?"

"Ndio."

"Unapiga?"

"Unapiga."

"Sawasawa? Haurukiruki kama ule wake wa siku za mwisho?"

Tupokigwe aliutazama. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Usiku mwingi alikuwa amelala na kiganja chake kifuani mwa Ipyana, akihesabu, akikosea, akianza upya.

"Haurukiruki," alisema. "Unakwenda vizuri tu."

Kiti kililia nje.

"Kwa hiyo alipona," alisema mzee.

Shangazi hakulipeleka hilo kwa mtu yeyote. Alizima tochi aliyokuwa ameisahau mkononi.

"Niandikeni," alisema mzee baadaye kidogo. "Bwana Nyagawa, niandike."

Mguu wa Nyagawa ulisikika ukigeuka kwenye changarawe, lakini Tupokigwe alimzuia. "Ngoja kwanza. Baba, unaandikwa ili wasimwagwe, au unaandikwa ili uupokee?"

Mzee alikohoa.

"Nilifikiri," alisema mzee, "wakishakua tutaona."

"Na mimi nilifikiri hivyohivyo. Mpaka leo asubuhi nilitaka kuwafuga. Wakae hapa, wale, basi, niwe nao. Sasa nakuambia sitaki tena." Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, akaiacha itetemeke. "Sitaamka kila siku kuchuja uduvi kwa ajili ya mapambo, na wewe unakwenda kulazwa kando yake kabla ya masika. Ukiandikwa umeandikwa. Siku wakikuita unakwenda, unapasuliwa, unarudi. Kama hutaki niambie sasa hivi nizime hewa kwenye chupa, na hivi vikombe nivirudishe vinywewe chai."

"Tumpe," alisema mzee. "Huyu binti ana maneno makali."

"Anasema una maneno makali."

"Nimesikia."

"Mwambie nitakwenda."

"Anasema..." Shangazi alishindwa kumalizia, akajipangusa pua.

Nyagawa alisogea dirishani, akaonyesha nusu ya uso, kwa adabu, akiwa ameangalia pembeni. "Ni jambo dogo. Mzee ameshaweka kidole kwangu. Kimebaki kidude cha ukutani. Mlezi anakitajia jina la mteja mpya, basi, nimeondoka."

"Nitalitaja mimi," alisema Shangazi.

"Hakikubali. Kinajua sauti ya mlezi tu."

"Kwani wewe hakikujui?"

"Mama, hata mimi kimenikataa. Ni kwa ajili ya usalama."

"Usalama wa nani?" aliuliza Shangazi, lakini Nyagawa alikuwa ameshaondoa uso wake.

"Mlezi," kidude kilisema, kikiwa na furaha ya kupewa kazi, "tafadhali taja jina kamili la mteja."

Tupokigwe alikitazama kidude. Shangazi naye alikitazama, kisha akautazama mlango, kama mtu anayepima kama kuna nafasi ya kutoka kabla mvua haijaanza. Nje mzee hakukohoa wala hakusogeza kiti.

"Taja," alisema mzee, taratibu.

Tupokigwe alivuta kitenge hadi juu ya kichwa, akaegemea ukuta, akalisema kwa pumzi, kama mtu anayepuliza uji. "Ambakisye. Ambakisye Mwaipaja."

"Samahani, Mlezi. Sijakusikia. Tafadhali rudia kwa sauti."

"Mungu wangu," alisema Shangazi.

"Ambakisye Mwaipaja."

"Samahani, Mlezi. Kuna kelele za mazingira. Tafadhali rudia kwa sauti ya juu zaidi."

Hapakuwa na kelele yoyote. Uani hata kijiko hakikugonga sufuria. Tupokigwe alikitoa kitenge kichwani, akakishika kwa ngumi, akakiinamia kile kidude na kulipaza jina la mkwe wake kwa kifua chote, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, mpaka kuku wakaruka kutoka chini ya dirisha na maji yakatetemeka vikombeni.

"Naam," mzee akaitika.